Pingili za Kisigino

Soksi ilitoka ndefu, nyeupe na laini, na haikuwa na kisigino.

Ilishuka polepole kutoka tumboni mwa mashine, na Mama Kisigino akainama kuipokea kwa mikono miwili, kama alivyozipokea soksi kwa miaka thelathini na moja. Aliingiza ngumi ndani yake akaisukuma mbele. Ndivyo alivyopata jina lake: hakuna soksi iliyotoka katika karakana ile bila kupitiwa na ngumi yake, na ngumi ilipofika kwenye kisigino ilikuwa ikitua kama kuku anayelalia mayai. Leo haikupata pa kutua. Lilikuwa bomba tupu, mwanzo hadi mwisho.

"Izime, Fundi," alisema.

Fundi hakuwahi. Mashine ilikohoa mara mbili, kitu kikalia ka, ka, na vipande viwili vya sindano vikaruka na kuanguka sakafuni. Ndipo alipoupata mkono wa kuizimia mashine, akauvuta. Karakana ikanyamaza.

Zamani kimya hicho kisingewezekana. Zilikuwepo mashine kumi na mbili, na watu walizungumza kwa midomo na mikono kwa sababu masikio hayakuwa na kazi. Moja baada ya nyingine zilichoka, zikachomolewa vyuma kuwapa wenzao uhai, na mifupa yake ikauzwa. Ilibaki hii moja, na watu wawili wa kuihudumia. Mwenye karakana alikuwa amesema bila ukali, akitazama viatu vyake: mama mmoja wa hospitali anatafuta soksi zisizo na mshono kwa wagonjwa ambao vidonda vyao vya miguu haviponi. Atakuja Alhamisi saa tisa alasiri kuona jozi moja tu. Akiridhika, kazi ipo ya mwaka mzima. Asiporidhika, Jumamosi linakuja gari la vyuma chakavu.

Leo ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi.

"Kaka," alisema Mama Kisigino, "jana mashine hii ilikuwa nzima. Umeigusa wapi?"

Fundi alivua kofia, akaivaa tena. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na siku hizi alitengeneza mashine kwa vidole zaidi kuliko kwa kutazama.

"Niliisafisha," alisema. "Nilisema mgeni anakuja, asiikute imejaa masizi kama sufuria la msibani. Niliutoa mnyororo."

"Mnyororo wa pingili?"

"Niliufungua wote, nikauosha kwa mafuta ya taa. Kila pingili, dada. Ukizitazama zinang'aa kama meno ya bibi harusi."

"Halafu?"

"Halafu nikazirudisha vizuri." Alisita. "Ndefu na ndefu. Bapa na bapa. Fupi na fupi. Kama vikombe kabatini."

Mama Kisigino aliketi juu ya kreti.

Mnyororo ule ulikuwa ndio akili ya mashine. Ulikuwa na pingili sitini na nne, na kila pingili mgongoni ilikuwa na kinundu, au haikuwa nacho. Kinundu kirefu kilipopita, mashine iliacha kuzunguka na kuanza kuyumba huku na huku, na hapo ndipo kisigino kilipozaliwa. Kifupi kiliirudisha kwenye mzunguko. Pingili bapa, isiyo na kinundu, iliiacha iendelee na ilichokuwa ikikifanya. Zilikuja zimepangwa hivyo tangu huko zilikotoka, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kuzipanga upya. Pingili kumi na nne za katikati ndizo zilizokuwa za kisigino. Ukikosea moja, mashine inageuka wakati usio wake na kuvunja sindano zake yenyewe.

"Sindano za akiba zimebaki ngapi?"

"Zilikuwa nane. Toa hizo mbili zilizovunjika sasa hivi." Fundi alipapasa kopo juu ya rafu. "Sita. Na walioziunda walishafunga duka kabla mvi zangu hazijaanza."

Alisimama hapo na kopo mkononi, mzee mrefu aliyekula chumvi nyingi. Mama Kisigino hakumkaripia. Alikumbuka kitu kingine.

"Niliuandika," alisema. "Fundi, mnyororo huu niliuandika! Kule, nilipokwenda. Uko kwenye daftari langu."

"Lile la safari?"

"Lile la bluu."

"Basi unangoja nini, mama wewe? Kimbia! Au nikubebe?"

"Unibebe na macho hayo, tukaishie mtaroni?"

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi, na akaondoka.

*

Daftari lilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, limefungwa kwa kanga iliyochakaa. Hakuwa amelifungua kwa miaka mingi. Hakulificha, ila kila mara alikuwa na soksi za kufuma, mtoto wa kulea, mume wa kuuguza na baadaye kuzika. Alivaa miwani, akaketi ukingoni mwa kitanda, dirisha likiwa nyuma yake, akaanza mwanzoni. Angeweza kuruka moja kwa moja hadi ukurasa alioutaka. Lakini mwandiko ule, mkubwa na uliolala upande kama watoto waliolala kitanda kimoja, ulimshika mkono.

*Siku ya kwanza. Nimefika salama. Ndege haina kelele kama nilivyodhani. Baridi ya huku ni kama kuingia ndani ya jokofu na kufungiwa. Mlango wa hoteli unajifungua wenyewe. Nimeukwepa mara mbili, mara ya tatu mlinzi amenishika mkono, tukapita wote.*

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mwenye karakana wa wakati huo, baba wa huyu wa sasa, ndiye aliyempa daftari na kumwambia, "Andika kila kitu. Ukirudi wewe ndiye utakayetufundisha." Wanaume wanne walikuwa wamenuna wiki nzima kwa sababu alichaguliwa mwanamke. Fundi, aliyekuwa kijana wakati huo, ndiye peke yake aliyemsindikiza hadi uwanja wa ndege, akiwa amembebea sanduku kichwani.

*Siku ya tatu. Mwalimu wangu ni mama mnene mwenye nywele nyeupe. Hajui lugha yangu na mimi sijui yake. Ananishika vidole, anavipeleka kwenye uzi, na vidole vinaelewa. Ameona natetemeka. Amenivalisha koti lake, linanifikia kwenye vifundo vya miguu. Yeye amebaki na sweta.*

*Siku ya sita. Leo nimeonyeshwa mashine zetu. Ni kumi na mbili, zimepakwa rangi mpya ya kijani. Nimekwaruza moja kwa ukucha, chini kuna rangi nyingine, ya zamani. Si kitu. Zinafanya kazi. Kwa mashine hizi tutavisha miguu ya nchi nzima, mpaka wazee na watoto wachanga. Nimeota naingia kazini na chumba hakina mwisho.*

Alisoma mstari huo mara mbili. Aliona aibu, kama mtu aliyemkuta binti mdogo akicheza mbele ya kioo. Chumba kilikuwa na mwisho. Kilikuwa na mashine moja na kopo la sindano sita.

*Siku ya nane. Mama mwalimu ana mafua. Macho mekundu, pua inachuruzika, lakini amekuja kazini. Kila mashine tukimaliza kujifunza, anaipangusa yote kwa kitambaa, hata chini ambako hakuna atakayeona, kisha wanaume wanaifunika turubai na kuipeleka kwenye kontena. Watu wa huku wanapenda sana usafi. Chumba cha kazi kinaanza kuwa na mwangwi. Nimempa mama leso yangu. Amenikumbatia kwa nguvu mpaka nimeshindwa kupumua, nadhani kwa ajili ya leso.*

Mama Kisigino alishusha daftari mapajani.

Nje, jirani alikuwa akipiga zulia kwa fimbo. Alimsikia akipiga, akipumzika, akipiga tena. Alimwona mama yule waziwazi baada ya miaka thelathini na moja: sweta la kijivu, mgongo mpana, kitambaa kikizunguka na kuzunguka juu ya chuma kilekile. Hayakuwa mafua. Siku zile wanawake wengine wa kiwanda kile walikuwa wakipungua kila asubuhi, wakipita mlangoni na mifuko yao, wakibusiana mashavuni. Yeye alidhani wanakwenda likizo; kumbe kazi yao ndiyo iliyokuwa ikipakiwa kwenye kontena. Wanaume waliofunika mashine hawakumtazama mama yule usoni. Na yeye mwenyewe, mgeni ndani ya koti la mtu, alikuwa amesimama katikati akitabasamu kutwa nzima, kwa sababu alikuwa na furaha.

"Mungu wangu," alisema peke yake. "Na mimi nikampa leso."

Akafungua ukurasa uliofuata.

*Siku ya tisa. Leo ni mnyororo. Mama hakutaka niandike mwenyewe. Amechukua penseli yangu akachora pingili zote sitini na nne, safu nane, ndefu na fupi na bapa. Kisha amenirudisha mwanzo mara tatu, akinigonga kidole kila ninapokosea. Alipomaliza, ameufunga mkono wangu juu ya karatasi kwa mikono yake miwili, akauacha hivyo muda mrefu. Mchoro uko ukurasa unaofuata.*

Ukurasa uliofuata haukuwepo. Palikuwa na ukingo wa karatasi uliochanika, wenye meno madogo, na baada yake ikaja ripoti aliyomwandikia mwenye karakana.

Alipitisha kidole juu ya meno yale, na akakumbuka yote kwa mara moja. Asubuhi moja hotelini, mtu wa nyumbani aliyekutana naye kwenye ngazi alimwambia anaondoka baada ya saa moja na anaweza kubeba barua. Kurasa zilizobaki zilikuwa za ripoti. Binti yake alikuwa na miaka sita, amebaki na bibi yake, na alikuwa ameagiza kitu kimoja tu kutoka ng'ambo: treni. Na mchoro ule, pingili nyuma ya pingili na vinundu vyake mgongoni, ulifanana na treni ndefu yenye mabehewa na mizigo. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Mashine zilikuwa zinakuja na minyororo yao imeshapangwa. Nani angewahi kuihitaji karatasi ile?

Aliichana mwenyewe, kwa furaha, upesi upesi.

*

"Mama! Uko salama?"

Binti yake alikuwa karani wa bohari katika mji mwingine. Nyuma yake, kwenye simu, vilisikika vitoroli na mtu akiita namba.

"Niko salama, mwanangu. Nimekukatiza kazi?"

"Kidogo. Sema."

"Unaikumbuka ile treni? Niliyokutumia nilipokuwa ng'ambo?"

Vitoroli viliendelea.

"Ninayo," alisema.

"Unayo nyumbani?"

"Iko kwenye pochi."

"Pochi unayokwenda nayo kazini?"

"Mama, mimi nina pochi moja. Umeniona nina duka la pochi?" Kisha sauti yake ikashuka. "Kuna nini?"

"Ile si treni, mwanangu."

"Najua si treni. Nilijua nilipofika darasa la tano. Nilidhani ni sega. Lakini nilishawaambia watoto wote ni treni, ningefanyaje?"

Mama Kisigino akamweleza: mnyororo, mafuta ya taa, mama wa hospitali, saa tisa.

"Nakupigia picha sasa hivi, pande zote mbili," alisema binti. "Lakini Mama, imechakaa. Nilikuwa naikunja mara nne na kulala nayo. Bibi alikuwa ananisomea kila jioni. Uliandika utarudi baada ya siku nne."

"Nilikaa wiki tatu."

"Wiki tatu na siku mbili."

"Mashine zilichelewa kupakiwa."

"Najua. Sikulaumu, Mama. Nakwambia tu kwa nini imechakaa."

Picha zilifika. Ya kwanza ilikuwa barua: *Mwanangu kipenzi, nimekuletea treni, mabehewa ni mengi, yahesabu. Nitarudi baada ya siku nne na mashine zangu. Usimsumbue bibi.* Ya pili ilikuwa mchoro. Alikisogeza kioo cha simu karibu na miwani. Safu ya kwanza ilisomeka, na ya pili, na ya tatu. Za chini zilisomeka pia, na pembeni mtoto alikuwa amechora moshi kwa rangi nyekundu. Katikati, pale mikunjo miwili ilipokutana, karatasi ilikuwa imelika. Palikuwa na tundu lenye umbo la nyota, na kupitia tundu hilo alikiona kidole gumba cha binti yake kilichokuwa kimeishika kutoka nyuma.

Safu ya nne na ya tano. Za kisigino. Kati ya pingili kumi na nne zilibaki nne.

*

Karakanani walipanga walichokuwa nacho. Mama Kisigino alisoma, Fundi alifunga kwa vidole: ndefu, bapa, bapa, fupi. Walipofika kwenye tundu walifumba macho wote wawili, wakijaribu kuisikia mashine kichwani mwao kama watu wanaojaribu kukumbuka wimbo.

"Huyumba mara tatu kisha hupumua," alisema Fundi.

"Mara nne, nadhani."

"Basi nne."

Mara ya kwanza zilivunjika sindano nne. Mara ya pili zilivunjika tatu, na zilizobaki za kurudishia zilikuwa mbili tu. Sehemu moja ya duara ikabaki tupu, kama pengo la mtoto. Fundi alilitikisa kopo, akaligeuza juu chini, akaingiza kidole ndani.

"Kosa langu, dada," alisema. "Nilitaka ing'ae."

"Inang'aa kweli. Na ukurasa niliuchana mwenyewe kwa mkono wangu. Usijibebeshe peke yako, mgongo wenyewe huna."

Alimtengea kreti akae, akamwekea chai kwenye kikombe chenye mkono mzima, kile cha wageni, kisha akaukunja mkono wa Fundi kwenye kikombe ili asimwage chai.

Mama wa hospitali alifika saa tisa kamili, amevaa viatu vya kusimama siku nzima. Aliwasalimu kwa heshima. Mama Kisigino alimpa bomba la asubuhi, kwa kuwa hakuwa na kingine, na akamweleza ukweli wote bila kuupaka rangi. Yule mama aliingiza mkono ndani ya soksi, akaupeleka taratibu hadi mwisho, akitafuta mshono kwa ncha za vidole.

"Hamna mshono kabisa," alisema. "Uzi ni laini. Kazi nzuri sana hii, mama."

"Asante, mwanangu."

"Lakini bila kisigino itajikunja chini ya unyayo. Mgonjwa wangu hana hisia mguuni. Hatajua mpaka kidonda kiwe kimefunguka." Alitazama mashine, kisha mmoja wao, kisha mwingine. "Haiwezekani hata kwa wiki moja zaidi? Naweza kungoja wiki."

Mama Kisigino alilitazama kopo tupu juu ya rafu. Wiki ingemsaidia nini? Hata mwaka.

"Usingoje," alisema. "Wagonjwa wako wasingoje."

Yule mama aliikunja soksi mara mbili, vizuri, akailaza juu ya mashine kama mtu anayerudisha mtoto aliyelala. Alipofika mlangoni alirudi akawapa mikono tena.

*

Jumamosi gari lilirudi nyuma hadi mlangoni. Wapakizi walikuwa wawili. Mmoja alibaki juu akifungua minyororo, mwingine, kijana mwenye mabega mapana, aliingia akiburuta turubai.

"Shikamoo, mama. Ndiyo hii?"

"Marahaba. Ndiyo hii. Nipe dakika kidogo."

Alikuwa amekuja na kitambaa. Alianza juu, kwenye pete ya sindano, akashuka mbavuni, akaingiza mkono chini ambako mafuta yalikuwa yameganda kwa miaka. Pale rangi ya kijani ilipobanduka ilionekana ile nyingine ya zamani, ya kijivu, na hapo alipangusa polepole zaidi. Fundi alisimama kando akishikilia taa aliyokuwa haihitaji.

"Mama, hii inakwenda kuyeyushwa," alisema mpakizi kwa upole. "Unajichosha bure."

"Najua, baba."

Kijana hakumharakisha. Aliweka turubai chini akangoja. Baadaye akamtazama vizuri.

"Mafua yamekushika, mama?"

Mama Kisigino alinyoosha mgongo.

"Ndiyo," alisema. "Mafua."

Kijana alitoa kitambaa mfukoni, akakigeuza geuza mpaka akapata pembe safi, akampa. Alikipokea kwa mikono miwili. Kisha akamshika kijana yule begani na kumvuta kwake, akamkumbatia kwa nguvu kuliko ilivyostahili kitambaa, na kijana akasimama pale mikono imening'inia, akitabasamu kidogo, asijue.

Waliifunika mashine, wakaiinua. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuukata uzi. Gari lilipoanza kutembea, uzi mweupe uliinuka kutoka juu ya koni iliyobaki sakafuni, ukipanda kwa mizunguko midogo, ukapita chini ya mlango, ukakatiza ua, ukatoka langoni. Fundi aliusikia ukiserereka, akapapasa kwenye rafu kutafuta mkasi.

Mama Kisigino akamshika mkono.

Wakasimama hivyo, na koni ikaendelea kupungua.